Kompaundi, rikevu au krosibo: upinde upi kwa mtoto anayewinda bata mzinga mara ya kwanza?

Watoto wetu wengi hapa Kentucky walishika upinde shuleni kabla wazazi wao hawajajua kwamba kuna mchezo kama huo. Mpango wa kufundisha kulenga kwa upinde shuleni ulianzia jimbo hili mwaka 2002, kisha ukaenea nchi nzima. Leo ukienda Louisville, Lexington au Bowling Green utakuta mtoto wa familia iliyotoka Bukavu au Bujumbura anazijua hatua zote 11 za kupiga mshale, ilhali baba yake hajawahi hata kugusa ugwe. Halafu rafiki wa darasani anamsimulia habari za bata mzinga wa mwezi wa nne, na ombi linafika nyumbani: naomba na mimi twende.

Mzazi aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kushtuka. Aliyekulia kijijini Kivu hashtuki sana, ila pinde alizoziona kwa babu hazifanani na hizi za dukani. Wote wawili wakisimama mbele ya ukuta wa duka la uwindaji wanajikuta na maswali yale yale, na muuzaji mara nyingi anawasukumia upinde wenye nguvu kuliko wanaouhitaji.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao. Aina ni tatu: kompaundi, yaani upinde wenye roda mbili kwenye ncha zake, rikevu, upinde wa kawaida ambao ncha zake zimekunjwa kwenda mbele, na krosibo, upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na kufyatuliwa kwa triga. Upinde wa shule haumo. Genesis, ule wanaotumia watoto shuleni, umetengenezwa umfae kila mtoto darasani, na nguvu ya kuuvuta inaishia pauni 20. Kwa karatasi ya shabaha ni upinde mzuri kabisa. Kwa ndege mwenye manyoya mazito na misuli minene ya kifua hautoshi, hata kama mtoto wako ndiye bingwa wa shule.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni nguvu ambayo mtoto anaweza kuishikilia. Kuvuta tu hakutoshi. Karibu kila mtoto anaweza kuuvuta upinde mzito mara moja kwa kujinyonganyonga na kuelekeza mikono mbinguni. Jaribio langu ni hili: akae kwenye kiti, mkono wa upinde uwe usawa wa shabaha, avute moja kwa moja bila kuuinua, ashikilie, kisha aurudishe ugwe taratibu bila kuuachia. Kwa kompaundi ashikilie nusu dakika. Kwa rikevu sekunde chache zinatosha. Asiyeweza kuurudisha ugwe kwa utulivu, upinde huo ni mzito kwake. Siku ya kuwinda atalazimika kuachia mshale kwa sababu mikono imechoka, wakati ndege bado hajakaa vizuri.

Cha pili ni mwendo, na hapa ndipo kazi ilipo. Macho ya bata mzinga yako pembeni mwa kichwa. Akigeuza shingo kidogo tu ameona pande zote, anatambua rangi, na mkono ukitikisika umbali wa hatua kumi anaondoka bila kuuliza. Mwenye bunduki ameshailekeza tayari, anangoja. Mwenye upinde ana jambo moja kubwa la kufanya ndege akiwa ameshafika: kuvuta. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa kinachukulia kwamba mtoto yuko ndani ya hema la kujificha, lile la turubai lenye madirisha, madirisha ya nyuma yamefungwa na ndani kuna giza. Wapo watu wazima wanaowinda kwa upinde bila hema na wanafanikiwa. Mtoto wa mara ya kwanza simshauri.

Cha tatu ni usahihi. Bata mzinga ni mkubwa, dume huweza kufika pauni 20 na kuzidi, lakini moyo na mapafu yake yamekaa mahali padogo kama chungwa kubwa. Akijitutumua na kutandaza mkia, wingi unaouona ni manyoya. Cha nne ni usalama wa mtoto na wa aliye pembeni yake. Cha tano ni sheria na gharama.

Kompaundi

Sifa yake kubwa ni kwamba mkono ukishavuta hadi mwisho, roda zinageuka na uzito unapungua. Upinde wa pauni 40 unaoachia asilimia 75 humwachia mtoto pauni 10 tu za kushikilia. Anavuta wakati dume amejificha nyuma ya mti au amempa mgongo akiwa ametandaza mkia, kisha anangoja. Ukiniuliza kwa nini aina hii imewashinda wenzake kwa umaarufu, jibu ni huko kungoja. Tena pinde nyingi za siku hizi zinarekebishika sana: Diamond Infinite Edge Pro, kwa mfano, huanzia pauni 5 hadi 70, na urefu wa mvuto, yaani umbali ambao ugwe unavutwa, kuanzia inchi 13 hadi 31. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukua nao mpaka sekondari.

Mwendo wenyewe unabaki mmoja, ule wa kuvuta, na ni mfupi. Tatizo linajitokeza mtoto akilegea: roda zinageuka tena, ugwe unamnyakua kwenda mbele, na mkono mzima unaruka. Ndege huona.

Usahihi ni mzuri mapema. Mtoto aliyepita mpango wa shule, akipewa kilengeo chenye pini moja ya kulengea, huanza kupiga chungwa kwa yadi 15 ndani ya muda usio mrefu. Pini moja, sio tano. Akili ya mtoto iliyojaa msisimko haipaswi kuchagua pini. Kuna jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia. Kompaundi nyingi zina kitundu kidogo kwenye ugwe ambacho jicho huchungulia ili lipate pini. Uani mchana hakina shida. Ndani ya hema alfajiri, kitundu kile kinakuwa cheusi tii, na mtoto ananong'ona kwamba haoni kitu huku dume amesimama pale. Nunua chenye tundu pana, na mwingize hemani alfajiri halisi kabla ya msimu ajizoeze.

Kwa usalama, onyo ni kutoachia ugwe bila mshale. Nguvu yote hurudi kwenye upinde wenyewe, na unaweza kupasuka mkononi. Matengenezo pia ni ya fundi: kubadilisha ugwe wa kompaundi kunahitaji mashine maalumu ya kuubana.

Sheria hazina ugumu mwingi, ila baadhi ya majimbo huweka kima cha chini cha nguvu, mara nyingi kati ya pauni 30 na 40. Gharama ni ya kati: seti ya mtoto yenye kilengeo na kishikilia mshale huwa dola mia tatu hadi mia tano, na ya mtumba hupatikana kwa kuwa watoto hukua.

Inamfaa mtoto mwenye mazoezi ya wastani, anayeweza kuvuta kwa utulivu upinde wa pauni 30 na kuendelea, na ambaye familia yake haina mpango wa kununua upinde mpya kila mwaka.

Rikevu

Hapa hakuna roda. Kadiri unavyovuta ndivyo uzito unavyoongezeka, na mwisho wa mvuto ndipo unapobeba wote. Nguvu iliyoandikwa kwenye upinde hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Mtoto anayevuta inchi 24 hapati ile iliyoandikwa. Hupoteza kama pauni 2 au zaidi kidogo kwa kila inchi. Rikevu ya pauni 35 mikononi mwake ni kama 26. Wazazi wengi hawalijui hili, na wanafikiri mtoto ana upinde halali kumbe yuko chini ya kima cha jimbo lao. Duka zuri lina mizani ndogo ya kupimia. Omba ipimwe pale pale kwa mvuto wa mtoto wako.

Kuhusu mwendo, mtoto hawezi kuvuta mapema akangoja. Anavuta, anatulia, anaachia, yote kwa pumzi moja, na ni lazima achague wakati ambao kichwa cha ndege hakioni. Urefu wa upinde nao unaingilia: wa inchi 58 au 60 ncha yake ya chini hugonga kiti au udongo, na ya juu hugusa paa la hema. Kiti cha chini na dirisha refu vinasaidia.

Usahihi unakuja polepole. Naupenda sana upinde huu, na ndiyo maana nasema wazi: mtoto aliyeanza mwezi wa kwanza hayuko tayari mwezi wa nne. Anahitaji kupiga mishale kidogo kidogo, siku nyingi, kwa zaidi ya mwaka, na hata hapo mpaka wake uwe yadi 10. Anachopata ni mkono unaojua kazi bila kilengeo. Mtoto wa namna hii huwa hachoki kupiga, hata msimu ukiwa umefungwa.

Kwa usalama ni mwepesi na rahisi kuelewa, na kila sehemu yake inaonekana. Kidole kivae kinga, na mkono wa mbele uvae kinga ya ngozi maana ugwe huchapa, na mtoto aliyechapwa mara mbili ataanza kuukwepa upinde.

Gharama ndiyo ndogo kuliko zote. Nunua unaofunguka vipande vitatu: mwanzo unauwekea mikono ya upinde, ya juu na ya chini, ya pauni 20, mtoto akipata nguvu unabadilisha mikono hiyo tu na shina la katikati linabaki lile lile.

Inamfaa mtoto mkubwa kidogo, kuanzia miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, anayependa kupiga mshale kwa ajili ya kupiga mshale, na mzazi asiye na haraka.

Krosibo

Nguvu ya mtoto haihusiki. Ugwe wake ni wa pauni 150 au zaidi, na anayeuvuta ni mzazi, kwa kamba maalumu inayopunguza uzito kwa nusu au kwa mkono wa kukoroga. Ukishashika umeshika. Mtoto anabaki na kulenga na kubonyeza triga.

Kwa mwendo hii ndiyo inaongoza. Hakuna kuvuta mbele ya ndege. Lakini krosibo ina pauni 6 hadi 8, na mikono ya mtoto itatetemeka, kwa hiyo ni lazima iwe juu ya stendi ya miguu mitatu. Hapo mtoto anaisogeza tu kidogo kidogo akimfuata dume.

Usahihi unakuja haraka sana, saa chache za mazoezi. Haraka hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo: inashawishi kupiga mbali. Darubini inaonyesha kila unyoya yadi 40, na baba anasema piga. Lakini mshale husafiri polepole kuliko risasi, na ndege aliyepiga hatua moja wakati mshale uko njiani atachomwa tumboni. Yadi 20 hadi 25 zinatosha mtoto.

Usalama ndio unaodai umakini kuliko pinde zote tatu. Kidole gumba au vidole vya mkono wa mbele vikipanda juu ya reli, yaani njia ambayo ugwe hupita, ugwe utavikata. Mfundishe kushika chini kabisa, na chagua yenye mabawa ya kuzuia vidole. Ikishavutwa haipunguzwi hivi hivi; mifano mingi huhitaji kufyatuliwa mshale wa mazoezi ardhini au kwenye shabaha laini mwishoni mwa asubuhi. Mikono ya krosibo hutanuka kwa nguvu inapofyatuliwa, kwa hiyo isiwe karibu na nguzo ya hema wala bega la mzazi. Haipandishwi kwenye gari ikiwa imevutwa, hata kwa mwendo wa dakika mbili.

Sheria ndiyo ya kuangalia kwanza. Kentucky inairuhusu msimu wote wa bata mzinga wa majira ya machipuko. Oregon hairuhusu kabisa kuwindia. Majimbo mengine yana masharti yake. Bei huanzia kama dola mia tatu na kupanda bila kikomo.

Wapo wanaosema krosibo si upinde na mtoto anayeitumia hajawinda kwa upinde. Sikubaliani nao. Mtoto mwenye mkono dhaifu, aliyevunjika bega, au mwenye ulemavu, kwa chombo hiki anakaa hema moja na ndugu zake na kuwinda ndege yule yule. Inamfaa yeye, na inamfaa pia mtoto mdogo ambaye mzazi wake ni mtulivu na anakaa naye bega kwa bega.

Yanayofanana kwa zote tatu

Mazoezi ya uani hayamwandai mtoto kwa hema. Kilengeo kiko juu ya mshale kwa inchi kadhaa, kwa hiyo jicho linaweza kuona dume mzima kupitia dirishani huku mshale umeelekea kwenye turubai chini ya dirisha. Mtoto anaachia, mshale unatoboa hema, ndege anaruka. Mzazi akae nyuma ya mtoto na kuangalia ncha ya mshale, sio ndege, kila mara wakati wa mazoezi, mpaka mtoto mwenyewe azoee kuangalia.

Weka ndege wa bandia karibu, yadi 5 hadi 10 kutoka hemani. Ukitumia dume changa wa bandia, mwelekeze uso kwenye hema, kwa sababu dume halisi hupenda kumkabili uso kwa uso, na hapo atakuwa amewapa mgongo. Mfundishe mtoto picha mbili tu: ndege aliyesimama ubavu, ambapo anafuata mguu kwenda juu mpaka katikati ya mwili, na ndege aliyetandaza mkia akiwa amegeuka, ambapo analenga shina la mkia. Picha nyingine zote, asubiri. Na ayajue maneno mawili ya mzazi, "ngoja" na "sasa", bila maelezo mengine.

Vigumba vya kuwindia vifunge wewe, kwa kifaa chake, na vikae ndani ya podo lenye kifuniko mpaka mko mmeketi. Ni wembe mtupu. Kwa upinde wa nguvu ndogo chagua vya makali yasiyokunjuka, kwa kuwa vinavyofunguka hula nguvu ya mshale. Ndani ya hema vaeni nyeusi. Nje msivae nyekundu, nyeupe wala buluu, hata soksi, kwani hizo ndizo rangi za kichwa cha dume na mwindaji mwingine anaweza kukosea. Mkisikia sauti ya bata mzinga porini msiinyemelee. Inawezekana ni mtu anaita.

Kwa familia za Kiislamu, bismillah isemwe wakati wa kuachia mshale, na mkimkuta ndege bado yu hai mchinjeni. Mtoto azoee kuisema kwenye mazoezi, maana msisimko wa siku yenyewe husahaulisha.

Kwa Kentucky, wikendi ya vijana ambao hawajafika miaka 16 huwa mwanzoni mwa Aprili. Msimu mkuu hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na Aprili 15 na huendelea kwa siku 23. Mtoto asiyetimiza miaka 12 hahitaji leseni. Kuanzia 12 anahitaji leseni, kibali cha bata mzinga na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Majira ya machipuko anayeruhusiwa kupigwa ni dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana kifuani. Ripoti hutolewa siku hiyo hiyo kabla ya saa sita usiku. Majimbo mengine yana tarehe na masharti tofauti, na ruhusa ya mwenye shamba iombwe mapema, si asubuhi ya kuwinda.

Kwa hali yako

Mtoto ana miaka minane au tisa, amezoea upinde wa shule, na Aprili iko miezi minne mbele: kompaundi inayorekebishika, anzia chini, mwongezee pauni mbili mbili. Asipofika kima cha jimbo lenu kufikia mwezi wa tatu, aende na krosibo pale inaporuhusiwa, au akae hemani na wewe bila upinde. Kukaa bila upinde si adhabu. Atajifunza kunyamaza, atasikia dume akiitikia gizani, na mwaka ujao hatatetemeka.

Una watoto watatu na bajeti ya upinde mmoja: kompaundi yenye upana mkubwa wa marekebisho, ila muwe na fundi wa karibu wa kuubadilisha kati ya mtoto na mtoto. Rikevu inayofunguka nayo inawezekana kama wanakaribiana umri, mradi mkubali kwamba mmoja tu ndiye atakayekuwa tayari kuwinda.

Mtoto ana bega bovu, au mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine: krosibo na stendi. Mzazi ajifunze kuivuta na kuishusha kwanza, peke yake, mpaka aifanye bila kufikiri.

Mnaishi jimbo linalokataza krosibo na mtoto hafiki pauni zinazotakiwa: msilazimishe. Majimbo mengi huruhusu bunduki ndogo ya marisau kwa vijana katika msimu huo huo, na upinde utamngoja.

Kijana wa miaka kumi na minne anayekesha uani akipiga mishale na kuomba rikevu kwa jina: mpe. Mpimieni nguvu kwa mvuto wake, mwekeeni mpaka wa yadi 10, na mkubaliane kabla hamjatoka nyumbani kwamba dume akisimama yadi 14 hatapigwa.